Mawe ya Kitambaa

Gerishon alitaka mawe thelathini. Si mawe ya kuokota barabarani, maana hayo yangewapasua waimbaji wake vichwa kabla ya siku ya onyesho kufika. Alitaka mawe ya kitambaa cha kijivu, yaliyojazwa sponji, makubwa kama ngumi ya mwanamume, ambayo mtu akirushiwa usoni atapepesa macho tu. Kazi hiyo akampelekea fundi aliyemwamini kuliko wengine wote mjini Eldoret, mama wa miaka thelathini na mbili mwenye cherehani yake kwenye veranda ya duka la vitambaa. Wateja walimwita Nelima, na majirani wakamwita Mama Nasimiyu kwa jina la binti yake.

"Mama Nasimiyu, hii utaweza?"

"Mwalimu, mimi nimeshona kanzu za kwaya nne na suruali ya chifu. Mawe yatanishinda?"

Yalitaka kumshinda. Alipofika jiwe la tano, mikono ilianza kumtetemeka, akajidunga sindano kidoleni mara mbili, akajiambia ni baridi ya Julai. Baridi ya Julai ipo Eldoret, hilo halina ubishi, lakini haijawahi kumtetemesha fundi aliyevaa sweta mbili. Akanyonya damu kidoleni, akaendelea. Mwisho wa wiki akayafunga mawe yote thelathini kwenye gunia, akalipeleka ukumbini.

Mchezo wenyewe ulikuwa opera. Watu wa mji walipoisikia habari hiyo walicheka: mchezo gani huo ambao mtu akitaka maji ya kunywa anaimba, na akitaka kufa anaimba kwanza dakika kumi huku muuaji anamsubiri? Lakini Gerishon, mwalimu wa muziki mwenye kichwa kigumu kama jiwe la kusagia, alikuwa amezunguka miaka miwili na simu yake akirekodi hadithi za watu, kutoka Moiben mpaka Ainabkoi, juu ya zile wiki za baada ya uchaguzi, mwanzo wa mwaka wa elfu mbili na nane, ambapo jirani alimwinda jirani. Kutokana na hadithi hizo akatunga mchezo wa mama anayeficha kabila lake na kukimbia na binti yake, mpaka wanapokamatwa kwenye kizuizi cha barabara. Aliwauliza watu mia na zaidi. Fundi wake hakumuuliza. Angemuuliza nini? Mama Nasimiyu alikuwa Mbukusu, binti ya Wasike, mke wa Mabonga. Watu wa kwao hawakuwa wakiwindwa siku zile.

Basi tuseme ukweli mapema, tusizungushane. Huyu mama hakuwa Nelima. Alizaliwa Njambi, binti ya Kabiru, Mkikuyu, mmoja wa wale waliowindwa, mwenye duka la rejareja pale Cheptiret, na mkewe Waithira. Nelima wa kweli alikuwa rafiki yake, mtoto wa Wasike na Edinah, vibarua wa shamba lililopakana na duka. Wasichana hao walikua pamoja, wakala pamoja, na Njambi akakijua Kibukusu sawasawa na lugha ya mama yake. Kisha malaria ikamchukua Nelima akiwa na miaka kumi na minne, na mwaka uliofuata vita vikaja.

Kabiru aliuawa pale pale dukani kwake. Alitoka na mikono juu, akiwaita wale vijana kwa majina, kwa maana wengine alikuwa amewakopesha mkate. Panga la kwanza lilimpata begani. La pili Njambi hakuliona, alilisikia, kwa sababu mama yake alikuwa amemfunika macho. Wakamsukuma ndani akiwa bado anapumua, wakafunga mlango kwa nje, wakachoma. Waithira na binti yake walikuwa wamelala kifudifudi kwenye mabua ya mahindi nyuma ya nyumba ya Edinah, hatua hamsini tu kutoka hapo. Harufu ya sukari inayoungua ikawafikia. Mpaka leo Njambi hatii sukari kwenye chai, na akiulizwa husema ni mambo ya afya.

Edinah hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliingia ndani, akatoka na cheti cha kuzaliwa cha marehemu mwanawe.

"Huyu atakuwa Nelima," alisema. "Mungu atanisamehe. Na wewe Waithira utakuwa mke wa ndugu ya Wasike. Jifunge kitambaa mpaka kwenye nyusi. Usiongee. Na mzigo utabeba kichwani. Unanisikia? Kichwani."

Hilo la mzigo ndilo lililokuwa gumu. Waithira alikuwa na miaka arobaini na tatu, na tangu utotoni alibeba kuni, maji na viazi jinsi mama zake walivyobeba: mzigo mgongoni, na kamba ya ngozi inayoitwa mukwa ikipita kwenye paji la uso. Kamba hiyo ilikuwa imemchimba bonde juu ya nyusi, bonde ambalo kidole kingelala ndani yake. Wanawake wa kina Edinah hubeba kichwani, shingo wima, mikono ikining'inia. Usiku ule kabla ya kuondoka, Edinah alimzungusha Waithira uani na gunia dogo la unga kichwani, kama mtu anayefundisha mtoto kutembea. Likaanguka, akaliokota. Likaanguka tena.

Walikwenda. Kati ya mama na binti, mmoja tu alifika mjini akiwa na Edinah.

Njambi akawa Nelima kwenye kitambulisho, kanisani, na mwisho kitandani. Mabonga, karani wa stoo ya mbegu mwenye sauti nene ya besi, alimposa kwa Wasike kwa ng'ombe na blanketi, kila kitu kwa utaratibu. Wakapata Nasimiyu, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili. Wasike akafa na siri yake. Edinah naye akafa, na Mabonga mwenyewe akalibeba jeneza. Sasa amebaki Njambi peke yake duniani anayejua. Mara ngapi alitaka kumwambia mumewe! Alifungua mdomo, akafyata ulimi. Jina angeweza kulieleza, pengine Mabonga angenuna mwezi mzima kisha yapite. Lakini chini ya jina kulikuwa na jambo lingine, na ukivuta uzi wa kwanza nguo yote inafumuka. Aliogopa kupoteza nyumba yake. Aliogopa zaidi siku ambayo Nasimiyu angemtazama kwa macho mengine. Mficha maradhi kifo humfichua, wanasema watu, lakini ni rahisi kusema kama maradhi si yako.

Jumamosi hiyo mchana ukumbi wa kanisa ulijaa waimbaji. Fundi alikaa pembeni na pini mdomoni, akirekebisha gauni. Mabonga alikuwa jukwaani, kwa sababu Gerishon alikuwa amempa nafasi ya mkuu wa kizuizi, na besi yake ilitikisa madirisha. Jemutai, msichana wa chuo mwenye sauti ya juu ya kukata kioo, aliigiza mama.

Mawe yakagawanywa kwa mara ya kwanza.

"Wasee, hii mawe ni soft kama mandazi!" Jemutai alicheka, akayarusha mawili juu na kuyadaka.

Gerishon akapiga kinanda. Mchezo ukaenda hivi: mama anafika kizuizini na mzigo wake kichwani, salama kabisa. Jirani yake, mwanamke waliyetoka naye nyumbani, ananyosha kidole na kumsaliti. Kisha mama anamkumbatia binti yake, anaimba wimbo mrefu, mtamu wa kutoa machozi, "Mwanangu, mwanangu, likumbuke jina lako," na kundi lote linasimama na mawe mkononi likimsubiri amalize.

Wiki tano za mazoezi fundi alikuwa amelisikia hilo na kunyamaza. Jirani msaliti! Edinah, aliyemlisha miaka, leo anafanywa msaliti mbele ya watu. Na huyo mama anamwita mwanawe kwa sauti mbele ya wauaji, ni mama gani huyo? Kisha kundi likarusha mawe, Jemutai akaanguka kwa madaha, kijana mmoja wa nyuma akapiga la mwisho kwa mguu kama mpira, na watu wakacheka.

Pini zikamtoka mdomoni.

"Acheni! Acheni ujinga!"

Akapanda jukwaani. Kinanda kikanyamaza. Akalichukua gunia la Jemutai, akachomoa kamba ya pazia iliyokuwa sakafuni, akaikunja, akaitia kwenye paji la uso wake. Akainama, akainuka na gunia mgongoni. Hakuwa amebeba hivyo kwa miaka kumi na saba na nusu, lakini mgongo ulikumbuka wenyewe.

"Hivi," alisema. "Walimjua hivi. Hakuna jirani aliyemuuza. Alichoka."

"Nani alichoka, mama?" Gerishon aliuliza polepole.

"Mama yangu."

Mabonga akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeona aibu kwa niaba ya mkewe. "Mama Nasimiyu, shuka. Mama yako alikufa kitandani, Edinah. Jeneza nilibeba mimi."

"Edinah alinilea. Mama yangu alikuwa Waithira wa Cheptiret."

Jina hilo lilipotoka, hapakuwa tena na njia ya kurudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Akaendelea kusimama na kamba kwenye paji, akayasema yote, akimtazama Mabonga peke yake kama kwamba ukumbi ni mtupu.

Akasema jinsi walivyopita kwenye mashamba yaliyovunwa, Edinah mbele, wanawake wawili waliojiunga nao njiani katikati, kisha Waithira, na yeye nyuma. Gunia lilimwanguka mama yake mara mbili njiani. Mara ya tatu lilianguka karibu na barabara, kizuizi kikiwa kinaonekana. Waithira alikuwa hajala siku mbili na mumewe alikuwa majivu. Mikono yake ikafanya kile ilichokizoea bila kumuuliza mwenyewe. Ikakunja kamba iliyofunga gunia, ikaipachika kwenye paji la uso, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatembea vizuri. Njambi aliona. Angeita, lakini amwite kwa lugha gani, na amwite nani?

Vijana nao wakaona. Mmoja mwenye kofia nyekundu akapiga mluzi. "Oneni huyo mama anavyobeba!" Wakamvua kitambaa. Bonde la kamba lilikuwa pale, wazi, juani. Hawakuhitaji kitambulisho. Rungu likamvunja goti la kulia, kisha la kushoto, akakaa chini kwenye lami kama mtu aliyechoka na soko. Panga likamkata mkono aliouinua, vidole vitatu vikabaki vikining'inia kwa ngozi. Damu ikauingia unga uliomwagika, ikafanya uji mwekundu ambao vijana waliukanyaga na viatu.

"Yule wa kofia akaninyooshea panga mimi," alisema. "Akamuuliza mama, 'Na huyu msichana ni wako?' Mama yangu akanitazama. Mwalimu, hakuimba. Hakulia. Alinitazama vile unamtazama mtu wa sokoni. Akasema, 'Simjui huyo. Nimewakuta tu njiani.'"

Jemutai alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Yule kijana akasema, kama hamumjui kweli, kila mtu aokote jiwe. Wale wengine wakaokota. Mimi nilikuwa nimesimama tu. Edinah ndiye aliinama, akaniokotea, akalitia mkononi mwangu, akanifunga vidole hivi. Akaniambia, 'Nelima, tupa. Tupa, mwanangu.' Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza aliniita hivyo." Akajigusa kichwani. "Lilikuwa jiwe la tano. Lilimpata hapa, juu ya sikio. Na baada ya langu, mama hakusonga tena."

Sasa ilikuwa imetoka. Alidhani angejisikia mwepesi, kwa kuwa ndivyo wahubiri wanavyoahidi. Hakujisikia mwepesi. Alisikia baridi tu.

Mabonga alishuka hatua moja, akasimama, akarudi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Miaka kumi na tatu," alisema kwa ile besi yake. "Nimelipa ng'ombe kwa Wasike. Nimekuita kwa jina la marehemu, juu ya kitanda changu. Nimezaa na wewe. Wewe ni nani?"

"Mabonga, nisikilize."

"Nani analala kwangu? Mtu aliyemuua mamake?"

Akampiga. Lilikuwa kofi la mkono mzima, na kwa kuwa kichwa cha mkewe kilikuwa kimefungwa na kamba na uzito wa gunia nyuma yake, shingo ikapinda vibaya, akaanguka juu ya mawe ya kitambaa. Mdomo ukapasuka. Mabonga akamfuata chini na teke la mbavuni, na la pili, kabla Okello, bawabu wa ukumbi, hajamkumba kiunoni na kumbwaga sakafuni. Waimbaji wawili wakamkalia mikono. Alipiga kelele, kisha kelele zikageuka kilio, na mwanamume mzima akalia kwa sauti ya mtoto na uso wake kwenye vumbi.

Njambi akapiga magoti. Damu ilikuwa inadondoka kwenye jiwe moja la kijivu na kitambaa kilikuwa kinainywa. Akaliokota jiwe hilo, akatambaa mpaka alipo mumewe, akalitia kwenye kiganja chake kilichobanwa.

"Haya," alimwambia. "Umeuliza mimi ni nani. Watu wamekuzunguka, wote wanangoja uonyeshe uko upande gani. Hivyo ndivyo ilikuwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano."

Mabonga alilifumba jiwe. Hakulirusha, hakuliachilia.

Okello, mtu wa vitendo, alitaka tu kujua nani atampeleka huyu mama hospitalini. Akauliza kama vile mtu yeyote angeuliza: "Mzee Mabonga, huyu mama ni wako, si ndiyo?"

Mabonga akamtazama mkewe muda mrefu. Njambi alingoja, na katika kungoja huko alijua kwamba yote aliyoyaogopa miaka hiyo yote yalikuwa yamefika na kusimama mbele yake.

"Simjui," alisema Mabonga.

Lilikuwa neno lilelile. Mama yake alilisema ili binti yake aishi, na mumewe amelisema ili amtupe. Njambi aliona tofauti hiyo waziwazi, akashangaa kwamba haikumuua. Akajifuta mdomo kwa mkono wa sweta.

"Mimi ni Njambi," akamwambia Okello, ingawa Okello hakuwa ameuliza. "Binti ya Waithira na Kabiru. Hospitali nitaenda baadaye."

Gerishon alikuja na macho mekundu. "Mama, nitaandika upya. Yote."

"Andika. Huyo jirani msaliti mtoe. Na huyo mama asiimbe, Mwalimu. Muziki ukifika hapo, nyamazisheni."

Akaanza kuokota mawe. Jemutai akainama kumsaidia, akilia. Yalikuwa ishirini na tisa, moja lilikuwa bado mkononi mwa Mabonga. Akayatia guniani, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba ya pazia na kuacha kitanzi.

"Si hayo ni ya mchezo?" mtu mmoja alinong'ona.

"Nitashona mengine," alisema Njambi. "Haya ni yangu."

Akatia kitanzi kwenye paji la uso, akainama, akatoka nje.

Ilikuwa saa nane mchana na mji ulikuwa umejaa. Alipita katikati ya wauza viatu na wauza parachichi, mgongo umepinda, mdomo umevimba, mbavu zikimchoma kila alipovuta pumzi. Watu waligeuka. Mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza kabichi alimwangalia paji la uso, akaangalia kamba, akasimama polepole na kumwamkia kwa Kikuyu. Njambi hakuwa ametamka lugha hiyo mbele ya mtu tangu Edinah alipompa cheti. Akaitikia. Sauti ilitoka nyembamba, ya msichana, lakini ilitoka.

Hakusimama. Alitaka kufika nyumbani, mtaa wa Langas, kabla Mabonga hajafika, ili mtoto ayasikie kutoka kwake.

Nasimiyu alikuwa uani akifua sare ya shule. Alipoinua macho, sabuni ikamtoka mkononi.

"Mama! Nani amekupiga?" Kisha, kwa kuwa watoto huona kila kitu kwa pamoja: "Na mbona umebeba hivyo?"

"Ndivyo nyanya yako alivyobeba."

"Nyanya Edinah? Si alikuwa anabeba kwa kichwa?"

Njambi akalitua gunia kwenye mlango. Akakivua kitanzi, akapapasa paji la uso. Kamba ilikuwa tayari imeanza kuacha alama.

"Si Nyanya Edinah," alisema. "Weka chai motoni, uje ukae hapa. Na kwangu utie sukari."